Kunyakuliwa na Mchungaji, Kunyakuliwa na Mbwa-mwitu

Biblia ya Kiingereza iliyochapwa mwaka 1611, ile iliyotayarishwa kwa agizo la Mfalme James, ina kitenzi kimoja kinachostahili kufuatiliwa kitabu kwa kitabu. Kitenzi hicho ni "ravish". Katika Wimbo Ulio Bora 4:9 bwana arusi anakitumia kumwambia bibi arusi jinsi alivyouteka moyo wake. Katika Mithali 5:19 mume anahimizwa apendezwe siku zote na pendo la mke wa ujana wake, na kitenzi ni hicho hicho. Lakini tukigeuza kurasa hadi Isaya 13:16, tunakikuta katika habari za kuanguka kwa Babeli, ambapo nyumba zinatekwa nyara na wake za watu wanabakwa. Katika Maombolezo 5:11 wanaotendwa hivyo ni wanawake wa Sayuni, na katika Zekaria 14:2 ni wanawake wa Yerusalemu, mji ukiisha kuingiliwa na adui.

Basi neno moja linabeba furaha ya arusi na kilio cha mji uliovamiwa. Mkristo wa Uingereza wa karne ile aliweza kulisikia likisomwa kanisani siku moja kwa heri na siku nyingine kwa msiba. Sisi tunaoisoma Biblia kwa Kiswahili, na wengi wetu pia kwa Kiingereza, tuna haki ya kuuliza lugha ilifikaje hapo, na jambo hili lina uzito gani kwa imani yetu. Tunaamini lina uzito mkubwa, kwa sababu maneno tunayotumia kusifu upendo wa Mungu huingia pia nyumbani, na huko huweza kuponya au kuficha jeraha.

Kiebrania kilitenganisha

Tuanze na lugha ya asili. Manabii na wenye hekima wa Israeli hawakutumia kitenzi kimoja katika aya hizo tano. Katika Wimbo Ulio Bora kitenzi kimejengwa juu ya neno lenyewe la Kiebrania la moyo, kana kwamba bwana arusi anasema moyo wake umeguswa na kuchukuliwa. Katika Mithali kitenzi ni kile cha kupepesuka, ambacho mahali pengine humweleza mtu aliyelewa mvinyo. Mume anapepesuka kwa pendo la mkewe. Hakuna anayelazimishwa hapo.

Katika Maombolezo mambo ni mengine kabisa. Kitenzi ni cha kutesa na kudhili. Ndicho kinachotumika katika Kutoka 1:11 kwa habari ya Wamisri waliowatesa Waisraeli kwa kazi ngumu, na ndicho kinachotumika katika 2 Samweli 13:14, Amnoni alipomtenda Tamari dada yake kwa nguvu. Kwa Kiebrania, basi, aliyembaka Tamari na Farao aliyeilemea Israeli wametajwa kwa neno moja. Wote wawili ni watesi. Katika Isaya na Zekaria neno lililoandikwa ni kali zaidi, hata wataalamu wa Kiyahudi walioyahifadhi maandiko wakaweka pembeni neno la upole zaidi ili lisomwe badala yake mbele ya watu. Waliona aibu kulitamka, lakini hawakulifuta. Jeuri ilibaki imeandikwa kama jeuri.

Kwa hiyo mchanganyiko haukuanzia kwa manabii. Uliingia kwa njia ya Kiingereza, na Kiingereza nacho kilikuwa kimeurithi.

Mwewe na mzizi wake

Mzizi wa "ravish" ni kitenzi cha Kilatini "rapere", yaani kushika kwa nguvu na kwenda na ulichoshika. Ndicho afanyacho mwewe kwa kifaranga, mnyang'anyi kwa mali, na mto uliofurika kwa chochote kilicho kando yake. Kutoka mzizi huo Kiingereza kilipata jamii kubwa ya maneno. "Rape" ni ubakaji. "Rapture" ni furaha isiyo na kifani. "Rapt" ni mtu aliyezama katika jambo hata hasikii lingine. "Raptor" ni ndege mla nyama. Ni ndugu wa tumbo moja, ingawa leo wengine hukaa sebuleni na wengine gerezani.

Maneno mengi ya jamii hii yaliingia Uingereza kwa njia ya Kifaransa. Mwaka 1066 William wa Normandy aliishinda Uingereza, na kwa vizazi vingi baada ya hapo wakubwa wa nchi walizungumza Kifaransa, huku Kanisa na mahakama wakiandika kwa Kilatini. Katika Kifaransa kitenzi "ravir" kilikuwa tayari na sura mbili, kunyang'anya na kufurahisha mno, na ndicho kilichozaa "ravish".

Tusiseme kwamba sura ya furaha ilitokana na ulegevu wa washairi tu. Ilitokana pia na Maandiko. Agano Jipya la Kigiriki lina kitenzi "harpazo", chenye maana karibu sawa na ile ya "rapere", na Biblia ya Kilatini iitwayo Vulgata ilikifuata kwa uaminifu. Mbwa-mwitu anapowakamata kondoo katika Yohana 10:12, kitenzi ni hicho. Yule mwovu anapoinyakua mbegu iliyopandwa moyoni katika Mathayo 13:19, ni hicho. Lakini pia Roho wa Bwana anapomnyakua Filipo katika Matendo 8:39, ni hicho. Paulo anapochukuliwa hata mbingu ya tatu katika 2 Wakorintho 12, ni hicho. Na watakatifu watakapochukuliwa mawinguni kumlaki Bwana katika 1 Wathesalonike 4:17, ni hicho. Adui hunyakua, na Mungu hunyakua.

Biblia ya Kiingereza iliyotoka katika mduara wa John Wycliffe kwenye miaka ya 1380 ilitafsiriwa kutoka Kilatini hicho. Ndiyo sababu ndani yake mbwa-mwitu anawafanyia kondoo kitendo cha "ravish", na Paulo anatendewa hicho hicho akipelekwa mbinguni, na watakatifu nao vivyo hivyo wakipelekwa mawinguni. Mwaka 1526 William Tyndale alichapisha Agano Jipya alilolitafsiri kutoka Kigiriki. Kwa habari ya Paulo na ya watakatifu aliliacha neno hilo, akaandika kwa maneno mepesi ya kila siku kwamba walichukuliwa juu. Tyndale aliuawa mwaka 1536 kwa ajili ya imani na kazi yake, lakini Biblia ya 1611 ilimfuata katika 1 Wathesalonike, na Wakristo wengi wanaosoma Kiingereza wanamfuata hata leo.

Neno lililozika sauti ya mwanamke

Kanisani neno liliweza kuwa tamu. Mahakamani lilikuwa na historia nyingine, nayo inatuhusu kwa sababu inaonyesha hasara inayopatikana neno moja linapofunika mambo mengi.

Sheria za Uingereza za zama za kati zilitumia neno la Kilatini "raptus". Liliweza kumaanisha ubakaji. Liliweza pia kumaanisha kumchukua mtu kutoka kwa baba yake, mumewe au mlezi wake, iwe amelazimishwa au ameondoka kwa hiari yake. Sheria ya Westminster ya mwaka 1275 iliweka adhabu ya kifungo cha miaka miwili kwa kosa hilo, na ile ya 1285 ikapandisha adhabu hadi kifo. Ukali uliongezeka, lakini swali lililokuwa muhimu kuliko yote, yaani mwanamke mwenyewe alitaka nini, mara nyingi lilibaki nyuma. Mwenye malalamiko machoni pa sheria mara nyingi alikuwa yule aliyepoteza binti, mke au mali iliyofuatana naye.

Kisa kimoja kinatosha kama mfano. Mwaka 1380 mwanamke aitwaye Cecily Chaumpaigne aliweka saini ya kisheria ya kumwachilia mshairi Geoffrey Chaucer, mwandishi wa Hadithi za Canterbury, kutoka katika madai yote yanayohusu "raptus" yake. Hati hiyo ilipatikana mwaka 1873. Tangu hapo, kwa karibu miaka 150, wasomi walibishana. Wengine walisema mshairi alimbaka, wengine walimtetea kwa kila njia, na waliomtetea mara nyingine walimchafua mwanamke ambaye hawakujua lolote juu yake ila jina. Kisha mwaka 2022 watafiti Euan Roger na Sebastian Sobecki walitangaza hati nyingine za kesi hiyo. Zilionyesha kwamba aliyeshtaki alikuwa mtu wa tatu, Thomas Staundon, naye aliwashtaki Chaucer na Chaumpaigne pamoja. Lalamiko lake lilikuwa kwamba Chaumpaigne aliacha utumishi wake na kuingia utumishi wa Chaucer. Sheria iliyotumika ilikuwa ile ya vibarua, iliyotungwa mwaka 1351 baada ya tauni kuua watu wengi na watumishi kuadimika.

Kwa maelezo ya watafiti hao, huenda neno lililotisha vizazi lilihusu tu mfanyakazi aliyehama kazi. Lakini tusifurahi upesi kwamba mtu mashuhuri amesafishwa. Tutazame upande wa pili. Ikiwa neno moja lilitosha kwa mtumishi aliyehama, kwa binti aliyetoroka na mchumba wake, na kwa mwanamke aliyeburutwa usiku akilia, basi katika vitabu vya mahakama wote watatu walifanana. Aliyelia hakusikika zaidi ya aliyehama. Wanawake wangapi walizikwa ndani ya neno hilo, Mungu peke yake anajua hesabu yao, naye anawajua kwa majina.

Maneno mengine ya ukoo huo

"Ravish" haliko peke yake. Kiingereza kimejaa maneno ya furaha yaliyozaliwa katika maumivu. "Thrill", ambalo leo ni msisimko wa raha, asili yake ni kutoboa. Kitenzi hicho cha kale kimejificha pia katika neno la Kiingereza la tundu la pua, yaani tundu lililotobolewa. "Enthral", kumvutia mtu hata asibanduke, limejengwa juu ya neno la watu wa Skandinavia la mtumwa. Anayevutiwa amefanywa mtumwa. "Captivate" ni kumfanya mtu mateka. "Stunning", sifa ya mwanamke mrembo au vazi zuri, ni kumpiga mtu hadi apoteze fahamu. "Smitten", anavyoitwa kijana aliyezama katika mapenzi, ni mtu aliyepigwa.

Kiswahili nacho hakiko mbali. Tunasema sauti ya mwimbaji imetuteka, na watekaji tunawaogopa barabarani. Vijana wa mjini humwambia aliyependeza kwamba leo ameua. Na neno letu la siku ya mwisho, unyakuo, limetoka katika kitenzi tunachotumia kwa mwewe na kwa wanyakuzi wa ardhi za wajane na yatima. Biblia yetu ya Kiswahili inakitumia katika Mathayo 13:19 kwa yule mwovu, na katika 1 Wathesalonike 4:17 kwa Bwana. Wafasiri hawakukosea. Wameuacha ule ugumu ulioko katika Kigiriki mahali ulipo, ili sisi tuukabili.

Kwa nini lugha nyingi zinafanya hivi? Jibu moja ni kwamba furaha kubwa humshinda mtu. Humjia bila yeye kuipanga, humtoa mahali alipokuwa, naye hawezi kuisimamisha. Mtu aliyesikia kwaya ikiimba hata machozi yakamtoka anajua kwamba hakuyaamuru. Lugha ilipotafuta mfano wa kitu kinachomshinda mtu, ilikuta mifano iliyo karibu ni vita, mwewe na pigo. Mfano huo una ukweli ndani yake. Hatari huanza pale mfano unapogeuzwa kuwa udhuru, mtu akasema kwamba kwa kuwa upendo hushinda, basi kushinda kwa nguvu ni upendo.

John Donne, aliyekuwa Mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo jijini London tangu 1621 hadi kifo chake mwaka 1631, aliukaribia ukingo huo kuliko wengi. Katika moja ya Soneti zake Takatifu, zilizochapwa mwaka 1633, anamwomba Mungu autwange moyo wake kama mji uliozingirwa, amfunge ili awe huru, na kitenzi cha mwisho kabisa anachotumia ni "ravish". Wasomaji wamelipenda shairi hilo na wamelichukia kwa miaka 400. Sisi tunaona jambo moja dogo ambalo ni rahisi kulipita: Donne anaomba. Shairi zima ni sala. Mtu anayepiga kelele akimwita mwokozi avunje mlango ameshaufungua kwa sauti yake. Hilo ndilo linalomtenga na wanawake wa Maombolezo, ambao hawakumwita mtu yeyote. Mwenye kuhubiri juu ya shairi kama hilo asiwaweke wote katika fungu moja.

Kuipima mikono

Basi Mkristo atatofautishaje kunyakuliwa na kunyakuliwa, ikiwa neno halimsaidii? Maandiko yenyewe yanatupa kipimo, tukitazama kila aliyenyakuliwa kilimpata nini baadaye.

Kondoo walionyakuliwa na mbwa-mwitu hutawanyika na kuliwa. Mbegu iliyonyakuliwa na yule mwovu haionekani tena. Lakini Filipo, aliponyakuliwa na Roho, alionekana Azoto akihubiri Injili mji kwa mji, akiwa yeye yule na kazi yake ile ile. Paulo alirudi kutoka mbingu ya tatu akiwa na akili zake, na kwa unyenyekevu zaidi. Yuda 23 inatuagiza tuwaokoe wengine kwa kuwanyakua katika moto, na mtu anayetolewa motoni hupata maisha yake, hayapotezi. Mkono wa mbwa-mwitu humpunguza aliyeshikwa ili mshikaji ashibe. Mkono wa Mchungaji humrudishia aliyeshikwa nafsi yake, na ikibidi kuumia, anayeumia ni Mchungaji.

Yohana 10 inayaweka yote mawili karibu karibu kwa makusudi. Katika aya ya 12 mbwa-mwitu anawakamata kondoo. Katika aya ya 28 Yesu anaahidi kwamba hakuna mtu atakayewapokonya kutoka mkononi mwake. Kwa Kigiriki kitenzi ni kile kile. Kwa hiyo mkono wa Bwana ni ngome dhidi ya kila mnyakuzi, wala hauingii katika mashindano ya kunyakua.

Kuna aya nyingine isiyohubiriwa sana juu ya jambo hili. Katika Yohana 6:15, baada ya Yesu kuwalisha watu elfu tano, walitaka kuja kumshika kwa nguvu wamfanye mfalme. Kitenzi ni "harpazo" tena. Watu hawa hawakuwa adui zake. Walikuwa wameshiba, wamefurahi, wanampenda kwa namna yao. Walitaka kumpa kiti cha enzi. Naye akaondoka, akaenda mlimani peke yake. Bwana wetu alikataa kuchukuliwa kwa nguvu hata na watu waliomshangilia. Ikiwa yeye alikuwa na haki ya kukataa mapenzi yasiyouliza, basi binti wa kanisa letu anayo haki hiyo, na haiondolewi na mahari, wala na sifa za kijana, wala na mila ya kumvizia msichana njiani na kumpeleka nyumbani kwa mwanamume ili awe mkewe.

Tena Wafilipi 2:6 inasema kwamba Kristo hakuona kule kuwa sawa na Mungu kuwa kitu cha kushikamana nacho. Neno la Kigiriki hapo limetoka katika mzizi huo huo wa kunyakua. Yule ambaye vyote ni vyake hakuishi kwa kunyakua. Alijifanya hana utukufu, akatwaa namna ya mtumwa. Wanyakuzi wa dunia hii, wakubwa kwa wadogo, hawawezi kumtaja yeye kuwa kielelezo chao.

Pigo na baraka

Lipo neno moja la Kiingereza ambalo safari yake inatufikisha kwenye kiini cha imani. "Passion" limetoka katika kitenzi cha Kilatini cha kuteseka. Wakristo wa kwanza waliolitumia walimaanisha mateso ya Kristo, na Kanisa bado linayaita hivyo kwa Kiingereza kila Ijumaa Kuu. Baadaye neno likahamia kwenye hisia kali za moyo, kisha kwenye mapenzi, na leo hutumika hata kwa mtu anayependa sana mchezo wa mpira. Ni kwamba upendo wenye kustahili jina hilo ulionekana kwanza kwa aliyekubali kuteseka, naye hakumtesa mtu mwingine ili afurahi.

Vivyo hivyo "smitten". Katika Biblia ya 1611 neno hilo limo katika Isaya 53:4, likisemwa juu ya Mtumishi wa Bwana anayedhaniwa kuwa amepigwa na Mungu. Kijana wa leo anayesoma aya hiyo kwa Kiingereza huweza kufikiria kwamba Mtumishi huyo amezama katika mapenzi. Amekosea maana ya neno kwa karne kadhaa, lakini hakuwa mbali na habari yenyewe. Mtumishi alipigwa kwa sababu alitupenda.

Na neno "bless", kubariki. Wataalamu wengi wa historia ya Kiingereza wanalirejesha kwenye neno la kale la damu: kubariki kulikuwa kukitia kitu alama ya damu ya dhabihu. Wamisionari walioongozwa na Agostino walipofika Kent mwaka 597, waliwakuta watu wenye neno lao. Kanisa la Uingereza lilipoanza kuandika kwa lugha ya wenyeji, lililichukua neno hilo la damu na kuliweka mahali pa neno la Kilatini la kubariki, ambalo maana yake ni kunena mema. Baadaye kidogo kidogo masikio ya watu yalilisogeza karibu na neno lao la furaha, "bliss". Damu ikawa baraka, na baraka ikakaa jirani na furaha. Sisi tunaokumbuka damu juu ya miimo ya milango katika Kutoka 12, na damu ya Mwana-kondoo, hatuna haja ya kulionea neno hilo aibu. Lakini tukumbuke ni damu ya nani. Msalabani jeuri na furaha zilikutana mahali pamoja, na jeuri yote ilimwangukia yeye ili furaha iwe yetu. Mtu akigeuza mpango huo, akachukua furaha kwa ajili yake na kumwachia mwingine maumivu, amerudi upande wa mbwa-mwitu hata kama midomo yake inaimba nyimbo za Sayuni.

Kazi iliyo mbele yetu ni ya kawaida, nayo inaanza kinywani. Waimbaji wetu waendelee kuimba kwamba upendo wa Yesu umewateka, maana ni kweli, na hakuna mfungwa aliye huru kuliko huyo. Wanaofundisha wachumba wauseme wazi uzuri wa Wimbo Ulio Bora, na waonyeshe kwamba ndani yake bibi arusi hunena na hujibu, tena ndiye anayeanza kusema. Wazee wa kanisa wanapoletewa shauri la nyumbani, wasikubali neno tamu liwekwe juu ya tendo chungu. Lililo jeuri liitwe jeuri, kama Maombolezo yalivyoliita, wala lisiitwe hasira za mapenzi, au utani, au haki ya mume. Na mama au binti anaposema kwamba alichukuliwa kwa nguvu, tumwulize anahitaji nini kabla hatujamwuliza alivaa nini au alikuwa anatoka wapi.

Kisha tuungoje unyakuo wetu bila hofu. Mkono utakaotuchukua siku ile tunaufahamu, maana Tomaso aliuona na alama za misumari zimo ndani yake.